Orodha ya Zawadi na Macho Yasiyoalikwa

Januari 2006, Mmarekani mmoja aitwaye Tom Owad aliziachia kompyuta zake za nyumbani kazi ya kupakua orodha za zawadi za watu asiowajua. Hakudukua chochote. Orodha zile zilikuwa kwenye duka la mtandaoni la Amazon, zimewekwa hadharani na wenyewe ili ndugu na marafiki wajue cha kuwanunulia siku ya kuzaliwa au Krismasi. Aliyetaka kuona ya mtu fulani aliandika jina tu. Owad akaandika majina ya kawaida ya Kimarekani, moja baada ya jingine, na alipomaliza alikuwa na orodha zaidi ya 260,000.

Akaanza kuzichambua. Nani anatamani kusoma riwaya ya George Orwell, 1984? Nani anataka vitabu vya siasa kali, nani vya dini, na dini gani? Orodha nyingi zilitaja jina, mji na jimbo la mwenyewe. Owad akayachukua hayo akayatafuta kwenye kitabu cha simu cha mtandaoni cha Yahoo, akapata anwani za nyumbani, kisha akazipanga kwenye ramani ya Google. Hapo ramani ikaonyesha anakoishi mtu aliyetamani kitabu fulani.

Wakati wenyewe ulikuwa na maana yake. Mwezi mmoja kabla, gazeti la New York Times lilikuwa limefichua kwamba shirika la ujasusi la NSA linanasa mawasiliano ya watu walio ndani ya Marekani bila kibali cha mahakama. Wakutubi wa nchi hiyo nao walikuwa wamepiga kelele tangu 2001 kupinga sheria iliyowapa maofisa wa usalama njia ya kupekua kumbukumbu za nani kaazima kitabu gani. Owad alitaka kuonyesha kwamba yote hayo hayakuwa na haja. Watu walikuwa wameshaandika wenyewe, tena kwa furaha, vitabu wanavyovitaka, na mtu yeyote mwenye intaneti ya nyumbani angeweza kuwachorea ramani.

Na kitabu unachokitamani kinakusema zaidi ya kile ulichokinunua. Ulichonunua huenda kilikuwa cha mtoto, cha shule, au ulikipata kwa bei ya kutupa. Unachokitamani kinatoka moja kwa moja moyoni, na mara nyingi kinatangulia mambo ambayo hujamwambia mtu: safari, mimba, ndoa, kuhama kazi, kuhama dini.

Desturi yenyewe ni ya zamani kuliko intaneti. Duka la Marshall Field's la Chicago ndilo linalotajwa kuwa la kwanza kufungua daftari la maharusi, mwaka 1924. Bibi harusi alichagua sahani na vijiko, duka likaandika, wageni wakaja kuuliza kilichobaki. Mwaka 1993 maduka ya Target yakawapa maharusi kifaa cha mkononi cha kusoma alama za bidhaa, wakawa wanapita kati ya rafu wakilenga kila wanachokipenda. Daftari la 1924 lilikuwa na karani nyuma ya kaunta. Aliyekuja kuuliza habari za bibi harusi alionekana uso, alisema jina lake, na kama hakueleweka angeulizwa yeye ni nani kwa bibi harusi. Tulipopeleka orodha mtandaoni, yule karani ndiye wa kwanza kupoteza kazi.

Hapo ndipo ulipo ugumu ambao ushauri wa kawaida wa usalama mtandaoni hauugusi. Tunaambiwa tufiche taarifa zetu. Sawa: namba ya siri ya benki hufichwa, na cheti cha hospitali hufichwa. Lakini orodha ya zawadi iliyofichwa haina kazi. Imeandikwa ili isomwe na wengine. Swali lake ni nani aisome, mpaka lini, na anaposoma anajua nini kingine kukuhusu.

Leo orodha ya kawaida ya Amazon ina ngazi tatu. Ya siri huonwa na mwenyewe peke yake, na orodha mpya huanzia hapo. Ya wazi huonwa na yeyote. Katikati yake ipo inayoshirikiwa kwa linki, nayo ndiyo inayowadanganya wengi, kwa sababu jina lake linatuliza. Mtu anadhani amewapa watu sita. Kwa kweli ametoa ufunguo usio na jina la mtu, na kila aliyeupokea anaweza kuchonga mwingine bila kuaga. Shangazi anautuma kwa binti yake, binti anautupa kwenye kundi la waliosoma pamoja, na mfumo haujui tena nani ni ndugu na nani ni mpita njia. Zipo pia linki za namna mbili, ya kutazama tu na ya kutazama na kubadilisha. Ukituma ya pili badala ya ya kwanza, usishangae kukuta mtu ameondoa feni uliyoiomba akaweka anachokiona yeye kinakufaa.

Anayedhani ufunguo wa namna hii hauwezi kufika mbali akumbuke Februari 2020. Iligundulika kwamba mamia ya maelfu ya linki za kujiunga na makundi ya WhatsApp yanaweza kupatikana kwa kutafuta tu kwenye Google. Hakuna aliyezidukua. Zilikuwa zimebandikwa na watu kwenye kurasa za wazi, mashine ya kutafuta ikapita na kuziokota. Kundi la siri la familia fulani likawa linafunguka kwa mtu aliye bara jingine.

Suala la anwani lina wasiwasi wake. Amazon haimwonyeshi mnunuzi wa zawadi anwani kamili ya mwenye orodha. Humwonyesha jina na mji. Ila bidhaa nyingi kwenye duka hilo huuzwa na wafanyabiashara wengine waliopanga pale, na muuzaji anayesafirisha mzigo mwenyewe hana budi kupewa anwani. Ufuatiliaji wa mzigo nao unaweza kufichua kinachofichwa na ukurasa wa malipo. Kwa mtu anayetuma orodha kwa mama yake, hilo si tatizo. Kwa msanii, mtangazaji wa michezo ya video au mwanaharakati anayeiweka mbele ya maelfu ya mashabiki, jambo moja tu linatakiwa: mtu mmoja mwenye chuki au mapenzi ya kupitiliza, na pesa za kununua kalamu.

Walimu wa Marekani wamelijua hili kwa vitendo. Tangu 2019, kila karibu na kufunguliwa kwa shule, walimu wengi wa huko huweka hadharani orodha za vifaa vya darasani, penseli za rangi, vitabu vya hadithi, karatasi za kufutia pua, wakiwaomba watu wasiowajua wawanunulie. Orodha ya namna hiyo lazima iwe ya wazi; ukiifunga umeiua. Wanaojihadhari hawaweki anwani ya nyumbani. Vitu vinakwenda shuleni, ambako kuna ofisi na mtu wa kupokea. Sisi tuliokulia kwenye masanduku ya posta tunaweza kutabasamu kidogo hapa. Kwa miongo mingi barua ya Mtanzania ilimfikia bila kumwambia mwandikaji nyumba iko wapi, na mpaka ilipokuja operesheni ya anwani za makazi ya 2022, wengi wetu tulielekezana kwa mwembe, msikiti na duka la Mpemba. Tuliona ni kero. Kuna watu huko ughaibuni wanalipia kila mwezi wapate sanduku kama lile.

Hatari ya mgeni mwenye nia mbaya ni rahisi kuielewa, ndiyo maana inazungumzwa sana. Mimi ninayemwogopa zaidi ni mwenyeji, yaani duka lenyewe.

Februari 2012, mwandishi Charles Duhigg alichapisha katika jarida la New York Times habari za mtakwimu wa Target, Andrew Pole. Watu wa masoko walikuwa wamemuuliza Pole: unaweza kutuambia mteja gani ni mjamzito, hata kama hataki tujue? Walikuwa na sababu. Watu hawabadilishi ovyo mahali pa kununulia sabuni na sukari, ila mtoto anapozaliwa kila kitu kinavurugika, na duka litakalowahi ndilo litakalobaki nao. Tena walitaka wawahi kabla mtoto hajazaliwa, kwa sababu kumbukumbu za vizazi zikishatoka hadharani kila mfanyabiashara anatuma matangazo.

Pole aliupata wapi ufunguo wa fumbo lake? Kwenye orodha za zawadi. Wanawake waliojiandikisha Target kwa ajili ya sherehe ya kumkaribisha mtoto walikuwa wametaja, kwa hiari yao, tarehe wanayotarajia kujifungua. Kwa hiyo Pole alikuwa na kundi la wateja anaojua kwa hakika ni wajawazito, na anajua wako mwezi wa ngapi. Akarudi nyuma kutazama walichonunua. Akaona wengi wao mimba inapoingia miezi ya katikati wananunua losheni isiyo na harufu kwa wingi. Akaona ndani ya wiki 20 za kwanza wananunua virutubisho vya kalisi, magnesi na zinki. Akapata bidhaa kama 25 ambazo zikiangaliwa pamoja zinampa kila mteja alama ya uwezekano wa kuwa na mimba, hata kukadiria atajifungua lini. Kisha kipimo hicho kikaelekezwa kwa wanawake wengine wote wa dukani, wale ambao hawakuandikisha orodha yoyote wala hawakumwambia mtu.

Kisa kilichovuma ni cha baba wa Minneapolis aliyekwenda dukani kufoka kwa nini binti yake aliye sekondari anatumiwa kuponi za nguo za watoto wachanga, na baadaye akaomba radhi kwa kuwa kumbe kweli. Kisa hicho kimesimuliwa mno, na wapo wanaokitilia shaka, sikihitaji. Kinachonikaa kichwani ni jambo dogo lililofuata. Target waligundua kwamba wanawake wanashtuka wakiona duka linajua. Basi wakaanza kuchanganya: tangazo la nepi likawekwa kando ya tangazo la mashine ya kukatia nyasi, kuponi ya nguo za kichanga kando ya glasi za mvinyo, ili mama adhani ni bahati tu. Ufuatiliaji haukupunguzwa hata chembe. Kilichopunguzwa ni dalili zake.

Ngazi zile tatu za Amazon haziwezi kitu kwa hili. Unaweza kuifunga orodha yako isionwe na binadamu yeyote, na duka bado linaisoma, kwa sababu duka ndilo daftari. Mama aliyeandika tarehe yake ya kujifungua alidhani anawaambia dada zake. Aliwasema pia wanawake ambao hajawahi kuwaona.

Wezi nao hawakosi. Mei 2022, akaunti za wateja wa Zola, kampuni ya Marekani inayohifadhi orodha za maharusi na fedha wanazochangiwa, ziliingiliwa, na wezi wakanunua kadi za zawadi kwa malipo ya wenyewe. Waliingia kwa nywila zilizoibwa kwingine, ambazo maharusi walikuwa wamezitumia tena na tena kila mahali. Nywila ya kipekee kwa akaunti inayoshika pesa za harusi si jambo la kuhubiriwa kwa aya tatu.

Sasa turudi kwetu, ambako wengi hawajawahi kufungua orodha ya Amazon lakini wapo ndani ya makundi manne ya WhatsApp yenye jina la harusi ya mtu.

Utaratibu unajulikana. Kamati inaundwa, mwenyekiti na mweka hazina wanachaguliwa, kundi linafunguliwa, watu wanaingizwa bila kuulizwa. Kila siku jioni mweka hazina anapandisha orodha: jina, ahadi, alichotoa, bado. Anayemaliza anawekewa alama ya tiki. Kundi la WhatsApp linaweza kubeba watu 1,024, na kila mmoja wao anaona namba ya simu ya kila mwenzake pamoja na uwezo wake wa mfukoni, au angalau uwezo aliojitangazia siku ile alipokuwa na mshahara.

Tazama jinsi mambo yalivyogeuka. Orodha ya Kimarekani inamwanika anayepokea na inamsitiri anayetoa. Amazon ina hata mpangilio wa kutoharibu mshangao: zawadi ikinunuliwa, mwenye orodha haonyeshwi kwa wiki kadhaa kwamba imeshachukuliwa, achilia mbali imechukuliwa na nani. Orodha yetu inafanya kinyume. Maharusi hawasemi wanataka nini, wanataka sherehe. Anayeanikwa ni mtoaji: Baba Fulani laki mbili, tiki, Mama Fulani elfu hamsini, bado elfu thelathini.

Wapo watakaosema huo ndio uwazi. Mweka hazina akificha hesabu, atasemwa kala. Ni kweli, na tena kuna ukweli mwingine usiotajwa vikaoni: orodha ile inakusanya pesa kwa sababu inatia aibu. Bila jicho la wengine, ahadi nyingi zingefia njiani. Sina ugomvi na michango, kadi zangu ziko mezani. Lakini uwajibikaji unaotakiwa ni wa mweka hazina kwa kamati, na watu watano wanatosha kukagua hesabu kwa stakabadhi. Kundi zima linaweza kuambiwa jumla iliyopatikana na jumla inayotakiwa. Mjane aliyetoa elfu ishirini aonekane ametoa, basi. Elfu ishirini yake haina haja ya kukaa chini ya milioni ya mkurugenzi.

Hata hivyo tunajianika wenyewe kwa kasi kuliko kamati. Mtu akishatuma mchango kwa M-Pesa, anapiga picha ule ujumbe wa uthibitisho na kuutupa kundini kama ushahidi. Ujumbe ule una jina la mpokeaji, kiasi, muda, na salio lililobaki kwenye simu ya mtumaji. Watu mia tatu wamejua sasa kwamba umechangia laki moja na umebakiwa na shilingi elfu nne na mia mbili, au, jambo la hatari zaidi, milioni tatu. Kumbukumbu namba ya muamala ingetosha, na mweka hazina anayo tayari kwenye simu yake.

Tapeli akiwa ndani ya kundi hilo hahitaji ujuzi wowote. Anajua nani hajamaliza ahadi, anadaiwa kiasi gani, mweka hazina anaitwa nani na anaandika kwa mtindo upi. Ule ujumbe maarufu wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ambao hutumwa kwa kubahatisha kwa kila mtu, hapa unapata jina, kiasi na sababu. Kwa mwenye kundi, njia za kupunguza hatari zipo na ni za dakika mbili: wanaoingia waidhinishwe kwanza na msimamizi, linki ya kujiunga ifutwe na kuundwa upya kila inapozagaa, na namba ya kupokelea ikibadilika, watu wapigiwe simu.

Sheria je? Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania ilipitisha ya kwake 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kampuni inayokusanya michango kwa niaba ya watu, ukumbi unaohifadhi orodha ya wageni, mpiga picha anayeweka maharusi kwenye tangazo lake, hao wanaguswa. Lakini sheria ya Kenya inaziacha nje shughuli za mtu binafsi na za nyumbani, na ni vigumu kufikiria kundi la harusi ya mpwa wako likiitwa kitu kingine. Hapo hakuna tume ya kukimbilia. Kuna mwenyekiti wa kamati.

Na sasa desturi hizi mbili zimeanza kukutana. Binti aliye Texas au Minnesota anakaribia kujifungua, rafiki zake wa huko wanamwandalia orodha ya vitu vya mtoto, na yeye kwa upendo anaituma linki kwenye kundi la ukoo. Mama mdogo aliye Tanga hawezi kununua, kadi yake ya benki haikubaliwi, lakini anaifungua na anaisambaza kwa fahari. Kwenye ukurasa mmoja kuna jina kamili la binti, mji anaoishi na mwezi anaotarajia kujifungua. Huko Marekani orodha za ndoa na za watoto hutafutwa pia kwa jina, zisipofungwa, kwa hiyo hata asiyepata linki anaweza kuifikia. Binti alitaka mama zake wafurahi pamoja naye, na picha za vitu alivyochagua zingewatosha; linki ingebaki kwa wenye uwezo wa kununua. Na kama mila ya kwao inataka mimba isitangazwe mapema, hilo alilijua kabla ya Amazon.

Baadhi ya kamati za kitchen party Dar es Salaam zimebaki na njia ya zamani. Orodha ya vyombo inakaa kwa mtu mmoja, dada wa bibi harusi au somo wake. Unampigia, unauliza kilichobaki, anakuambia blenda imechukuliwa, chukua hotpoti, naye anaandika kwenye daftari. Hamjui nani kachukua friji mpaka MC aitangaze, na siku hiyo aliyenunua anataka itangazwe. Ukipiga simu asiyekujua, atakuuliza wewe ni nani kwa bibi harusi.

Harusi ikiisha tunakutana kuvunja kamati. Mweka hazina anasoma mapato na matumizi, chenji iliyobaki inaliwa nyama choma, watu wanapongezana, na kundi la WhatsApp linabaki palepale na orodha yake, majina, namba na madeni, mpaka mtu atakapolibadilisha jina na kuanza kuchangisha harusi nyingine. Kwenye ajenda ya kikao hicho, baada ya taarifa ya fedha na kabla ya nyama, kuna nafasi ya kutosha kwa jambo moja zaidi: mwenyekiti awatoe watu wote mmoja mmoja, kisha alifute kundi.